Mficha Uchi Hazai: Manto na Kadhia ya Likoni

Mwaka 1948, Saadat Hasan Manto alichapisha hadithi fupi ya Kiurdu iitwayo "Khol Do", yaani "Fungua". Bara Hindi lilikuwa limegawanywa mwaka uliotangulia, na Waislamu, Wahindu na Masingasinga walikuwa wamechinjana. Katika hadithi hiyo, mkimbizi Mwislamu anampoteza bintiye. Vijana wa kujitolea, Waislamu wenzake, wanaahidi kumtafuta. Wanampata, nao ndio wanaombaka. Jarida lililoichapa hadithi hiyo Pakistan lilifungiwa kwa miezi sita.

Hoja yangu ni kwamba kilichoudhi si uchi wa maneno. Kilichoudhi ni kuambiwa kwamba mhalifu ni wetu. Lau wabakaji wangekuwa wa upande wa pili, hadithi ingeshangiliwa.

Funzo hilo latuhusu sisi wa Pwani. Usiku wa 13 Agosti 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, mlangoni mwa Kwale, wakawaua askari sita na kutwaa bunduki. Ghasia zilienea hadi Ukunda na Diani. Wajaluo, Wakikuyu, Waluhya na Wakamba, walioitwa "wabara", waliuawa na kuchomewa nyumba. Zaidi ya watu 100 walifariki, na takribani 100,000 wakahama. Wengi wa wavamizi walikuwa vijana wa Kidigo waliolishwa kiapo, na msitu wa Kaya Bombo ukawa maficho yao. Katika msako uliofuata, polisi nao waliwatesa wanavijiji wasio na hatia.

Tunapoisimulia kadhia hii, aghalabu tunawataja wanasiasa na uchaguzi wa Disemba 1997, kisha tunanyamaza. Wachochezi walikuwepo, naam. Lakini mchochezi hakuijua nyumba yenye mpangaji wa bara. Jirani ndiye aliyeijua.

Riwaya ya *Chozi la Heri* (2014) ya Assumpta Matei imethibitisha kwamba Kiswahili chaweza kuyabeba machungu ya ghasia za uchaguzi. Wapo watakaosema kuiandika Likoni ni kutonesha kidonda na kuwapaka Wadigo matope. La hasha! Mtunzi wa Msambweni na amwandike jirani aliyeonyesha kidole. Wa bara na amwandike askari aliyetesa. Kila mmoja aanzie kwake. Mficha uchi hazai.