Teksi Isiyo na Mlango

Serikali ya Marekani inawakataza watumishi wake walioko Mexico kusimamisha teksi barabarani. Wapande gari lililoitwa kwa simu, Uber na wenzake wakiwemo, au lile la kwenye kituo rasmi. Katazo hilo limo katika tangazo la tahadhari kwa wasafiri, lilelile linaloiweka Sinaloa daraja la nne, la juu kabisa: usisafiri. Mazatlán, mji wa pwani wa jimbo hilo, umeachiwa upenyo mdogo. Watumishi hao wanaweza kufika kwa ndege au meli tu, na wakishafika wasitoke nje ya eneo la hoteli la Zona Dorada na mji wa kale.

Tatizo ni kwamba agizo la watumishi wa serikali limegeuzwa amri ya kila mtalii. Mtu anashuka melini mchana kweupe, pulmonía zimejipanga mbele yake, madereva wanamkaribisha, naye ameinamia simu akitafuta gari lenye vioo vya kupandisha. Ameambiwa huo ndio usalama. Mimi nasema ameambiwa vibaya. Kwa hatari ile anayoiogopa, ya kutekwa ndani ya teksi, pulmonía ndilo gari la kukodi lenye sababu chache zaidi za kuogopwa katika mji ule.

Kwa asiyeijua, pulmonía ni teksi ya wazi. Haina milango, haina madirisha, ina kipaa cha kuzuia jua na spika zinazosikika kabla gari lenyewe halijaonekana. Nyingi zimeundwa juu ya Volkswagen Beetle, gari ambalo kiwanda cha Puebla kiliendelea kulitoa hadi 2003, Wajerumani wenyewe wakiwa wameshaliacha zamani. Miguel Ramírez Urquijo alipoanzisha teksi hizi mwaka 1965, wenye teksi za kawaida walieneza maneno kwamba abiria atapigwa na upepo mpaka augue nimonia. Jina likabaki, abiria nao wakaongezeka. Leo gari hilo lina sanamu yake kwenye Malecón, barabara ya ufukweni. Kuwatia abiria hofu, basi, ni biashara ya tangu siku ya kwanza. Waliobadilika ni wafanyabiashara.

Wanaopinga wana hoja zao, na tuzitaje. Gari likigongwa, hakuna ubati wa kukukinga, na mkanda mara nyingi haupo. Kweli, na mwenye mtoto mchanga apime mwenyewe. Hakuna mita. Kweli pia, ingawa msomaji aliyezoea bajaji za Dar es Salaam au tuktuk za Mombasa atashangaa kusikia kwamba kupatana bei ni janga. Muziki wa banda, ule wa bendi za matarumbeta, unapasua masikio: hiyo ni kero, mwambie dereva apunguze. Kisha kuna vita ya makundi ya kihalifu, iliyolipuka Culiacán, mji mkuu wa jimbo, Septemba 2024 baada ya Ismael Zambada, kigogo wa kundi la Sinaloa, kukamatwa Marekani mwezi Julai, na ambayo Mazatlán haikusalimika nayo. Sifanyi mzaha na hilo. Ila mlango wa gari dogo la saluni hauzuii risasi, kwa hiyo hoja hiyo haiamui chochote kati ya teksi mbili.

Kinachoamua ni swali ambalo watoa ushauri hawajiulizi: teksi ya barabarani ilianza kuogopwa kwa nini?

Ilianza kuogopwa Mexico City. Katika miaka ya 1990 abiria wengi wa jiji hilo waliporwa na kutekwa ndani ya teksi. Mtu alipanda, gari likakata kona isiyotarajiwa, washirika wa dereva wakaingia, na abiria akazungushwa kutoka mashine moja ya benki hadi nyingine mpaka akaunti ikauke. Na gari lililotumika zaidi kwa teksi jijini humo lilikuwa Beetle hiyohiyo. Ilikuwa na milango miwili tu. Kiti cha mbele cha abiria kiling'olewa ili mteja apite nyuma, na dereva aliufunga mlango kwa kuvuta kamba akiwa palepale alipoketi. Ukishaketi nyuma, njia yako ya kutoka iko mkononi mwa mtu mwingine. Nje hakuna anayekuona vizuri, na ukipiga kelele, unazipigia kioo. Ujambazi ule uliwezekana kwa sababu gari lilikuwa limefungwa.

Sasa lichukue gari hilohilo, ulikate paa, uling'oe milango na uliweke kando ya bahari. Nani atamteka mtu ndani yake? Jambazi atamficha wapi? Abiria yuko wazi kama mchuuzi barabarani: anaonekana na wauza nazi, wavuvi, polisi, na dereva wa pulmonía inayofuata nyuma. Mwendo ni wa polepole na kila taa nyekundu ni nafasi ya kushuka. Uovu unahitaji faragha, na chombo hiki hakina hata nukta ya faragha. Gari la simu linaacha kumbukumbu, ndiyo, lakini kumbukumbu husaidia baadaye, polisi wanapoandika maelezo. Macho ya watu yanasaidia wakati uleule.

Hapa ndipo uvumilivu unaponiishia. Kanuni iliyotokana na gari la kufungwa, katika jiji la ndani la mamilioni ya watu, inabebwa nzima nzima na kubandikwa kwenye teksi ya wazi ya mji wa pwani, na anayeibandika anajiita mwangalifu. Huo ni uvivu. Aliyeandika hakutazama gari, aliyesoma hakuuliza, na dereva ambaye hana pa kumfichia mtu anaadhibiwa kwa makosa ya dereva aliyekuwa na kamba ya kuvutia mlango. Hoteli nazo zinachekesha. Zinapamba matangazo yao kwa picha za pulmonía, kisha mgeni akiuliza mapokezi apande nini kwenda Plaza Machado, uwanja wa mji wa kale, anaitiwa gari la vioo vyeusi.

Usiku wa manane, mbali na bahari, mitaa ikiwa mitupu, ita gari kwa simu. Macho ya watu hayafanyi kazi pale wasipokuwepo watu. Lakini kati ya Zona Dorada na Olas Altas, ufukwe wa mji wa kale, saa kumi jioni, nyoosha mkono. Taja uendako na upatane nauli kabla hujaketi, na uhakikishe mnaongelea bei ya gari zima, si ya kila kichwa.