Ng'ombe Wako Wapi?

Tulipotangaza kwamba toleo hili litahusu filamu za zamani zinazostahili kutengenezwa upya, nilitegemea ugomvi. Hakuna aliyegombana. Vijana wa Ngaramtoni na wazee wa Usa River, kila mmoja kwa mwandiko wake, wanataka picha waliyoipenda irudiwe vilevile ilivyokuwa, ila rangi ziwe kali zaidi na sauti isikwaruze. Mmoja anataka Girlfriend ya 2003 irudiwe mtaa uleule na nyimbo zilezile. Ndugu yangu, hiyo si kuirudia, hiyo ni kuipiga pasi. Mkanda wa zamani upo. Uweke, utazame, ulale.

Msimamo wangu, na ndio uliopanga kurasa zinazofuata hata pale wachangiaji walipoukataa, ni kwamba picha iliyokamilika iachwe ipumzike. Inayofaa kurudiwa ni ile iliyompiga mtu kamera usoni kisha ikasahau kumuuliza jina. Sisi wa mlima Meru tunayo moja ya aina hiyo, na jina lake ni neno letu wenyewe: Hatari!

Kwa wasioijua, Howard Hawks aliipiga huku kwetu kati ya mwisho wa 1960 na mwanzo wa 1961, ikatoka 1962. Steringi ni John Wayne. Yeye na wenzake wanaishi Momela, na kazi yao ni kukamata wanyama hai wa kuuzwa kwenye bustani za wanyama ng'ambo. Mpango wa hadithi ni mwembamba kama uji wa mgonjwa: wanatoka asubuhi, wanakamata, wanarudi, wanakunywa, wanatongozana. Lakini mbio zile! Wayne amefungwa kwenye kiti kilichobandikwa juu ya tairi la mbele, mkononi ana mti mrefu wenye kitanzi cha kamba, gari linaruka mashimo, kifaru yuko hatua mbili. Kwa sehemu kubwa ni waigizaji wenyewe waliokuwa wakifanya kazi hiyo, na kifaru hakuwa ameambiwa kwamba ni sinema. Russell Harlan, aliyeshika kamera, aliteuliwa kuwania Oscar. Muziki wa Henry Mancini wa ndama wa tembo umezunguka dunia nzima, na wengi wanaoupiga mluzi hawajui kwamba tembo wale walikuwa wakitembea Arusha. Mwishoni ndama hao wanaingia mjini, wanamfukuza Elsa Martinelli barabarani hadi hotelini, na mtu wa Arusha anayetazama leo anasahau tembo kabisa, anabaki kunyoosha kidole kwenye kona ya jengo.

Ilipigwa Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza. Ilipofika kwenye majumba ya sinema, bendera ilikuwa imeshabadilishwa.

Mwaka jana niliichukua kwenye flashi nikaenda nayo Ngarenanyuki, kwa mzee mmoja ambaye mjukuu wake aliniahidi kwamba televisheni ipo na sola ina chaji. Televisheni ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, ikafunuliwa kwa heshima. Shikamoo babu. Marahaba, karibu chai. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza John Wayne ni nani, lakini hakuniuliza. Alisogeza kigoda karibu na kioo akawa anatazama mlima. "Huo ni Meru wa huku kwetu," alisema, akafuata kwa kidole ukuta wa kreta uliobomoka upande wa mashariki, ule ambao mtu wa mjini haoni. Gari likapita, vumbi, pundamilia, kelele. Babu kidole bado kiko kwenye kioo. Akamwambia mjukuu arudishe nyuma. Wakarudisha. Akatazama tena, kisha akaniuliza mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeipiga:

"Na ng'ombe wako wapi?"

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Mwaka 1951 alikuwa mtoto wa kuchunga ndama. Novemba ya mwaka ule serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 Ngarenanyuki, nyumba zikachomwa, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu 13 wafuge. Watu waliambiwa wahamie King'ori. Wengi walikataa kwenda huko, wakatawanyika kwa ndugu upande mwingine wa mlima. Anachokumbuka babu zaidi ya moto ni ndama kulia usiku njiani, kwa sababu mama zao walikuwa wamepitishwa njia nyingine. Kwa hiyo mtu huyu, akiwa na miaka karibu themanini, anaona kwa mara ya kwanza nchi yake ilivyokuwa miaka kumi baada ya yeye kutolewa, tena kwa rangi nzuri ya Hollywood, na anatafuta mifugo. Ni pundamilia tu. Momela na Ngarenanyuki ni majirani. Unaweza kutoka huku ukafika kule chai haijapoa.

Tuwe waadilifu kwa Hawks. Hakuwachoma watu nyumba, na huenda hakuna aliyemsimulia. Alikuja kutafuta uwanda mpana usio na watu, akaupata, asiulize ulikuwaje mpana. Waafrika wamo kwenye picha yake. Wamo nyuma ya gari, wanashuka na kamba kabla vumbi halijatulia, wanamfunga mnyama miguu, na mtu yeyote aliyewahi kushika dume la ng'ombe pembeni anaona kwamba wale walijua wanachofanya kuliko mabwana wa mbele. Mmoja wawili wanaitwa kwa jina. Hakuna hata mmoja mwenye mke, shamba wala neno la kubisha. Waarusha nao wamo, wanampaka rangi Martinelli na kumpa jina Mama Tembo, wakimaliza wanatoka kwenye hadithi. Mtazame yule wa nyuma ya gari safari hii, msahau Wayne. Utaona filamu nyingine imelala ndani ya hiyo, inasubiri mtu aiamshe.

Hapo ndipo ninapodai irudiwe, kwa sharti moja: steringi abadilishwe.

Na dawa hii si yangu. Ni ya Hawks mwenyewe. Mwaka 1940 alichukua mchezo maarufu wa waandishi wa habari wawili wanaume, akamgeuza mmoja kuwa mwanamke, akatoa His Girl Friday, na leo watu wanaukumbuka huo zaidi ya ule wa kwanza. Scarface yake ya 1932 ilihusu jambazi wa Kitaliano wa Chicago. Brian De Palma alipoirudia 1983 alimweka Mkuba aliyeshuka Miami na wakimbizi wenzake, na huyo ndiye Tony Montana ambaye sura yake ipo kwa vinyozi wa Kaloleni na nyuma ya vifodi vya barabara ya Sokoine. Hakuna chalii wa Arusha anayemjua jambazi wa 1932. De Palma hakuongeza rangi tu. Aliuliza ni nani sasa anashuka melini akiwa na njaa, akampa kiti. Hata Mogambo ya 1953, iliyopigwa kwa sehemu hukuhuku Afrika Mashariki, ilikuwa marudio ya Red Dust ya 1932 iliyowekwa Indochina, na Clark Gable akaicheza mara zote mbili. Pale walihamisha mandhari, wakamwacha bwana alivyokuwa. Ndiyo maana haina uzima wa Scarface.

Sasa, anayesema mbio za wanyama ndizo roho ya Hatari! na haziwezi kurudiwa, anasema kweli. Leo hapana kifaru Ngurdoto wa kufukuzwa. Na hata angekuwepo, hakuna ofisa wa TANAPA atakayetia sahihi kibali cha namna ile. Lakini ukamataji wa wanyama hai haukuisha na John Wayne. Novemba 2010 zaidi ya wanyama 100, twiga wakiwamo, walipakiwa ndege ya kijeshi pale uwanja wa ndege wa KIA usiku wakapelekwa Qatar. Nchi nzima iliuliza twiga anapandaje ndege. Mahakama ya Moshi ikahukumu 2014. Kazi ileile, kamba zilezile, na aliyekuwa steringi wa 1962 kawa adui. Mwandishi mwenye akili akiyaweka mambo haya mawili kwenye familia moja, babu aliyekuwa nyuma ya gari Momela na mjukuu anayeombwa kuendesha lori kwenda KIA bila kuuliza limebeba nini, hana haja ya kifaru. Twiga mmoja gizani, shingo yake ikigongwa na mwanga wa taa za uwanja, anatosha.

Picha ya pili ninayoipigania ni ya zamani zaidi: Muhogo Mchungu ya 1952. Ni moja ya filamu chache za Kiswahili zilizotengenezwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kampuni ya Afrika Kusini kwa niaba ya serikali, na mwigizaji mkuu ni kijana anayeitwa Rashidi Mfaume Kawawa. Miaka kumi baadaye ni Waziri Mkuu wa Tanganyika. Serikali ya kikoloni ilimchagua kuwafundisha wenzake adabu za mjini, naye huku akipanga chama cha wafanyakazi. Hadithi ya kutengeneza filamu ile ni tamu kuliko filamu yenyewe. Arudiwe Kawawa akiwa anaigiza. Fimbo ya Mnyonge na nyinginezo za Ujamaa nitaziacha, na wachangiaji wawili watanilaumu kurasa za mbele. Zilisema zilichokusudia, zikamaliza.

Nasikia swali la pesa. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, iliichukua riwaya ya Adam Shafi na Zanzibar ya enzi ya ukoloni, ikarudisha nguo, magari na vichochoro vya wakati ule kwa fedha ambazo Hollywood wangenunulia maji ya kunywa. Kwa hiyo picha ya zamani inawezekana. Na sisi huku tuna nafuu, kwa kuwa mlima haubadilishi nguo.

Hakimiliki? Hadithi ya Hatari! ina wenyewe Marekani, nao hawatamsikiliza mtu wa Leganga mwenye kamera ya kukodi. Lakini tunachotaka si hadithi yao. Kamba, uwanda, vumbi na neno hatari havikuandikishwa na mtu. Kirilo Japhet naye hakuandikishwa. Mwaka 1952 alipanda ndege kwa fedha ambazo Wameru walizichanga kidogo kidogo, akafika New York, akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuzungumzia Ngarenanyuki. Kwenye Baraza Kuu azimio la kuwatetea likakosa theluthi mbili. Baadaye yeye na wakili Earle Seaton waliandika kitabu juu ya kesi hiyo. Nani kati yetu ameona filamu yake? Mtu wa mlimani, koti la kuazima au la kununua sijui, baridi ya Marekani, mkalimani, na nyumbani wanaongoja barua. Hiyo ningeiweka katikati kabisa ya Hatari mpya: wakati wazungu wa Momela wanafuatilia kifaru, mzee wa nyuma ya gari anakumbuka jioni walipokaa kusomeana barua ya Kirilo.

Hebu nisisahau vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani. Wenzetu wa chuo husema hatuna utamaduni wa kurudia filamu, na mimi huwa nawapeleka Unga Limited jioni. Tangu enzi za mfasiri Lufufu na kipaza sauti chake, kila picha ya Marekani au Hong Kong inayoingia pale hutoka ikiwa nyingine. Mfasiri anamwekea adui maneno ambayo adui hakuyasema, anamcheka steringi, anamtambulisha shangazi ambaye kwenye picha ni mpita njia tu. Watazamaji wanajua kabisa kwamba wanadanganywa na wanalipia wadanganywe vizuri zaidi. Siku moja niliwaomba waweke Hatari!, mfasiri akiwa kijana wa Sakina. Hakuwahi kuiona. Dakika ya kumi alikuwa ameshampa jina mtu wa nyuma ya gari na mshahara wake wa mwezi, na alikuwa amemwambia John Wayne kwa niaba yake kwamba hela haitoshi. Kibanda kilivunjika kwa kicheko. Hapo mimi nilikuwa naandika kwenye daftari haraka nisipitwe.

Zilizobaki ni kazi za wachangiaji. Mmoja anaeleza wazee wa mjini walivyokuwa wakienda kutazama picha, mwingine anatetea filamu za Kihindi zisiguswe, na tumechapa ramani ya sehemu za mji na mlima zinazoonekana kwenye Hatari!, imechorwa kwa mkono, msipime nayo umbali.

Tumekwisha kupokea pia kurasa tatu za mwanzo wa Hatari mpya kutoka kwa msomaji wa Usa River. Aliyeko nyuma ya gari kamfanya mwanamke aliyevaa koti la kaka yake, na ng'ombe wamo kuanzia mstari wa kwanza. Tutazichapa toleo lijalo, mwenyewe akikubali kupunguza risasi.