Mawe ya Figo na Mtungi wa Maji Kazini

Ndugu wafanya kazi wenzangu,

Nataka kusema nanyi kidogo habari ya ugonjwa wa mawe ya figo, kwa kuwa mwaka jana ulinishika mimi mwenyewe nikiwa katika zamu ya usiku. Maumivu yalianza ubavuni yakashuka hata kinenani, nikalala chini nikilia kama mtoto, mimi niliyezoea kuinua mataruma ya reli.

Majirani wa hapa Frere Town waliniambia ni kokoto za mchele nilizomeza. Si kweli. Kokoto hupita tumboni ikatoka. Haina njia ya kufika kwenye figo. Jiwe hufanyika humo humo ndani ya figo. Mtu akitoka jasho jingi na kunywa maji machache, mkojo huwa mzito, na chumvichumvi zilizomo hushikana, kama maji ya bahari yanavyokauka yakaacha chumvi.

Basi tazameni tulavyo. Mchana ni sima kwa ng'onda, na achari juu yake. Kiu ikizidi, soda. Chumvi nyingi huongeza kalsiamu katika mkojo, na kalsiamu ikikutana na kitu kiitwacho oksaleti ndipo mawe mengi hufanyika. Nyama nyingi nayo ina hatari yake. Si wengi wetu wawezao kuila kila siku, lakini siku ya mshahara twajuana wenyewe!

Wengine huacha maziwa wakidhani ndiyo yaletayo mawe. Wanakosea. Maziwa yakinywewa pamoja na chakula hushika oksaleti tumboni isifike kwenye figo. Mchicha una oksaleti nyingi, lakini mwenye ugonjwa aweza kuuchemsha akamwaga maji yake. Na ndimu tunayo: ikamuliwe katika maji, bila sukari wala chumvi, yasaidia kuzuia mawe.

Dawa kubwa ni maji. Yafaa mtu anywe hata mkojo wake ufike lita 2 na nusu kwa siku, na afanyaye kazi juani hana budi kunywa zaidi ya lita 3.

Hapa ndipo penye neno langu kwa chama. Maji hayo atayapata wapi katikati ya njia, jua la saa sita? Na akisha kunywa, atajisaidia wapi? Mimi nilizoea kutokunywa kwa kusudi, nisiombe ruhusa ya kwenda chooni na kusikia manung'uniko ya nyapara. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa na vyoo. Mahali pengi nimeona mtungi upo, lakini mkavu.

Wako wenzetu wasemao chama kidai mshahara tu, maji ni mambo ya nyumbani. Nawauliza: kibarua akilala siku tatu kwa jiwe, nani atamlipa?

Naomba viongozi watie neno la maji na vyoo katika mapatano yajayo, na kila tawi lichague mtu wa kutazama mtungi kila asubuhi. Katika zamu yangu nitajitolea mimi.

Mfanya kazi wa Reli,
Frere Town