Tufuge samaki wa maziwa yetu

Kila nikiingia nyumba ya watu hapa Mji Mkongwe nikakuta tangi la samaki, mara nyingi aliyemo ni samaki wa dhahabu. Asili yake ni China, na anapenda maji ya baridi. Tunamtia kwenye bakuli la duara, kaskazi inaingia, maji yanapata joto la nyuzi 30, naye anakaa juu juu akihema. Simlaumu aliyemnunua, kwani ndiye anayepatikana. Lakini Unguja si pahala pake, na wako samaki wa nchi yetu ambao hali ya hapa inawafaa.

Nawasemea siklidi wa Ziwa Tanganyika. Ni ukoo mmoja na perege na sato. Katika ziwa lile pekee wamegawika aina zaidi ya 200, na karibu zote hazipatikani kwengine duniani. Wako ambao jike hukaa na mayai kinywani, kisha na watoto, kwa wiki kadhaa. Wako wakwanguaji wa mwani kwenye miamba. Na wako wadogo kuliko kidole, ambao nyumba yao ni gamba tupu la konokono. Hao ndio ninaowafuga mimi.

Maji ya Tanganyika ni magumu, yamejaa madini, na pH yake inapita 8.5. Mfugaji wa Ujerumani huenda akanunua chumvi maalumu za kuyaigiza, na baridi ikija lazima awashe hita mchana na usiku. Sisi tunaishi juu ya jiwe la matumbawe. Maji ya visima vyetu yamepita kwenye chokaa. Mwenye shaka atazame ukoko mweupe ndani ya birika lake la chai. Ukiongeza vipande vya matumbawe makavu tangini, maji hayaendi kwenye uchachu. Jiwe lililotoka kwenye nyumba iliyobomoka lisitiwe kama bado limeshika plasta ya chokaa, maana hiyo yaweza kuua samaki. Hita hatuihitaji kabisa. Kazi yetu ni kuepuka joto, na kuta nene za nyumba zetu za zamani zinatusaidia: tangi likae chini, mbali na dirisha la jua.

Tangi la lita 60 linawatosha hawa wa magamba. Weka mchanga laini na magamba ya konokono wakubwa wa shamba, wala huna haja ya kwenda kuokota kauri za baharini. Maji badilisha kidogo kidogo kila wiki, ya mfereji yakiwa yamelala ndooni. Na usijaze samaki. Waliokuwepo hapa wanakumbuka giza la Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima bila umeme wa gridi. Pampu ikizimika, tangi lenye samaki wachache hustahimili saa nyingi. Lililosongamana halifiki asubuhi.

Watoto wa jirani wakitoka chuoni hupitia kwangu, wakachuchumaa mbele ya kioo. Wanamuona samaki anachota mchanga kwa mdomo, anakwenda kuumwaga pembeni, anarudi kuchota mwengine, mpaka gamba limezama atakavyo. "Bibi, hawa wanatoka Ulaya?" Nawaambia wanatoka Tanzania bara, na naona hawaniamini. Nilisomesha baiolojia, na hilo linaniuma. Ulaya na Marekani kuna watu wanaozijua Kigoma na Ikola kwa sababu ya majina ya samaki waliomo majumbani mwao. Wamewazalisha kizazi baada ya kizazi. Sisi wenyewe hatuwajui.

Wala si mara ya kwanza wageni kututangulia kuwajua samaki wetu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu Mwingereza C. F. Hickling, akifanya utafiti Malacca, alichukua perege madume waliotoka Zanzibar, ambao asili yao ni Mto Wami, akawapandisha majike wa perege waliotoka Java. Watoto wakatoka wote madume. Lilikuwa jambo kubwa kwa wafugaji wa mabwawa, kwa sababu madume hukua haraka na bwawa halijai vifaranga. Aliandika matokeo yake mwaka 1960. Ningependa kila skuli ya Unguja ifundishe kisa hicho mbele ya tangi lenye perege hai.

Lakini atakayechoka na samaki wake asiende kuwamwaga Mto Mwera wala mashamba ya mpunga ya Cheju. Sangara alitiwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, na furu, nao ni siklidi, wakaporomoka. Inakadiriwa aina kama 200 zimetoweka. Wako furu ambao leo wamebaki kwenye matangi ya ng'ambo tu. Samaki asiyetakiwa apewe mfugaji mwengine.

Na wauzaji wetu waache kutegemea waliovuliwa ziwani. Hawa wa magamba huzaana wenyewe tangini bila kusaidiwa, na familia moja hujaza magamba yote. Pale Beit el Ras tayari kuna kituo cha kutotolea mwatiko na majongoo bahari. Utaalamu wa kulea vifaranga upo kisiwani. Mwenye duka akianza na majozi machache, mteja wa Mkunazini au Kiembesamaki atapata samaki aliyezaliwa hapa hapa, aliyekwisha kuyazoea maji yetu.