Besiboli na unafiki wetu wa dawa

Jamani wadau, mimi shabiki wa Dodgers nasema basi! Julai 2008 tulikesha na tetesi za usajili mpaka Manny Ramirez akatua kwetu kutoka Boston. Mei 2009 akafungiwa mechi 50 kwa dawa. Aliporudi Julai, tukampigia makofi! Kwenye tetesi tunauliza anapiga vipi, hatuulizi anatumia nini.

Na wakubwa? Bud Selig, kamishna wa enzi hizo za dawa, aliingizwa Jumba la Mashujaa kule Cooperstown mwaka 2017. Barry Bonds akakwama 2022, mwaka wake wa 10 na wa mwisho kwenye kura za waandishi wenzangu. Mchezaji anabeba aibu, bosi anatundikiwa bamba la shaba. Haki iko wapi hapo?