Mume Anaponyamaza

Tunasikitika kuona wengi wakimwendea mshauri wa ndoa mizigo ikiwa imeshafungwa. Miaka ya 1980 huko Kanada, Sue Johnson na Leslie Greenberg walianzisha ushauri usiotafuta mkosaji, bali unaoangalia ugomvi unavyozunguka: mke analalamika, mume ananyamaza, akizidi kunyamaza, mke naye anazidi kulalamika. (Nyumba hiyo tunaijua!) Mshauri huwakatiza hapo na kumwuliza kila mmoja anaogopa nini. Mara nyingi mke anaogopa kuachwa peke yake; mume anaogopa kuonekana hafai kitu. Wakiambiana hayo bila lawama, husogeleana. Kwa kawaida huchukua vikao 8 hadi 20. Mwenzio akikataa kwenda, usimshtaki. Mwambie tu unataka mzungumze kama zamani.