Kamba hukatikia pembamba



Mwanafunzi mmoja wa upande wa Kabambare ametuletea swali zito. Baba yake mdogo alisokota kamba mbili za kukwelea michikichi, siku moja, kwa nyuzi za punga zilizotoka mahali pamoja. Moja alimpa jirani, nayo ingali nzima. Ya pili ilikatika mwenyewe akiwa juu ya mti, akaanguka akavunjika mguu. Tangu siku ile jirani anatazamwa kwa jicho baya. Watu wanasema: “Mbona yake haikukatika?” Kijana anauliza: je, kuna mkono wa mtu hapo?

Hapana, mwanangu. Ajabu ingekuwa kamba hizo mbili kuwa na nguvu sawasawa.

Nyuzi za mmea hazitoki kiwandani kwa kipimo kimoja. Shina hili limekomaa, lile ni changa. Hili limeota penye jua, lile kivulini. Halafu mashina hulowekwa majini ili ganda liachane na mti. Yakitolewa mapema, nyuzi hazitengani vema. Yakikawia mno, nyuzi zenyewe huanza kuoza. Tena uzi mmoja hauna unene ule ule toka mwanzo hata mwisho: hapa una jeraha la mdudu, pale umekunjika. Basi ukipima nyuzi 20 za shina moja, utapata nguvu 20 mbalimbali, na ulio imara huweza kuushinda ulio dhaifu mara mbili au zaidi.

Wazee walilijua jambo hilo waliposema kwamba kamba hukatikia pembamba. Wataalamu walilifikia kwa njia ya hesabu. Mwaka 1926 F. T. Peirce, aliyechunguza huko Manchester nyuzi za pamba, zao ambalo watu wa Maniema walilazimishwa kulilima tangu mwaka 1917, alionyesha kwamba uzi ni kama mnyororo: nguvu yake ni nguvu ya pete iliyo dhaifu kuliko zote. Kwa hiyo uzi mrefu hukatika upesi kuliko kipande kifupi cha uzi huo huo, maana katika urefu mwingi zimo nafasi nyingi za kuwa na kasoro.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme kamba za fundi wa kwanza hukatika kati ya kilo 140 na 160. Za fundi wa pili, kati ya kilo 60 na 240. Wastani wa mafundi wote wawili ni kilo 150. Je, mtu wa kilo 70 akwee na kamba ya nani? Anayetazama wastani peke yake atasema ni mamoja. Lakini wastani haukwei mti. Hukwea mtu mmoja, kwa kamba moja. Anayetafuta usalama huuliza: iliyo dhaifu kuliko zote inachukua kilo ngapi?

Tufanyeje basi? Tuchague nyuzi zilizokomaa na kulowekwa kwa muda mmoja. Tusokote nyingi pamoja, ili mmoja ukikatika wenziwe wauchukue mzigo. Tuchanganye za mashina mbalimbali, na viungo visikutane mahali pamoja. Kamba ikiisha kusokotwa, tuijaribu yote, si kipande: tuining'inizie, karibu na ardhi, mzigo uzidio sana uzito wa mkwezi. Wala tusiseme, “Jana ilinichukua.” Mvua na msuguano wa gome huipunguza kila siku.

Nawe kijana, kama zimebaki nyuzi za siku ile, uwaite wazee. Kata vipande 20 vya urefu mmoja. Funga kila kimoja juu ya boriti, utundike ndoo, utie maji kikombe kwa kikombe mpaka kikatike, ukaandike idadi ya vikombe mbele ya macho yao. Hesabu zitakapoachana, wataona wenyewe kwamba hakuna aliyemroga mwenziwe.

Kisha nenda kwa jirani kwa heshima, umwombe ashuke na kuiacha kamba yake mpaka ijaribiwe. Ilisokotwa kwa nyuzi zile zile. Haifai kumshitaki mtu ambaye huenda naye yumo katika hatari ile ile.